Kesi za Old Bailey kugawanyika fupi na ndefu baada ya miaka ya 1820: ni washtakiwa kukiri kwa makubaliano au ni mchapishaji tu?

#1 Mpekuzi wa Majalada

Wakuu salaam. Naleta hoja tuichambue.

Kumbukumbu za kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, zilichapishwa kuanzia 1674 hadi 1913. Zote ziko mtandaoni bure: kesi 197,745, maneno takriban milioni 127. Ukihesabu maneno ya kila kesi ukayachora kwa miaka, karne ya 18 unapata kichuguu kimoja: fupi, za kati na ndefu zimeshikana. Ukiingia miongo ya 1820 na 1830, kichuguu kinaanza kupasuka viwili. Huku kesi za mstari mmoja au miwili: jina, kosa, amekiri, kifungo. Kule kesi ndefu zenye mashahidi na mawakili. Za katikati zinapungua.

Tim Hitchcock na William Turkel waliliandikia jambo hili mwaka 2016. Maelezo yao ni kwamba kukiri kosa kwa makubaliano, yaani mshtakiwa anapatana na upande wa mashtaka akiri ili apunguziwe, kulishika kasi London mapema kuliko wengi walivyodhani. Mimi nawaunga mkono. Nadai pia kwamba mwanahistoria wa jinai anayesoma kesi mojamoja asingeuona mpasuko huu hata akikaa maktaba miaka thelathini. Mwenye maelezo mengine ashushe.

#2 Wakili Kigogo

Mkuu, mpasuko naukubali, sababu siikubali. Makubaliano yanahitaji pande mbili, na upande wa mashtaka London wakati huo kwa kawaida ulikuwa ni yule yule aliyeibiwa. Polisi wa mji mzima wameundwa 1829, na ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka imekuja 1879. Unakubaliana na nani?

Angalia adhabu. Karne ya 18 majaji walikuwa wanamkatisha tamaa mshtakiwa asikiri, kwa sababu akikiri hakuna ushahidi unaosikilizwa, na ushahidi huo ndio ulioamua kama ataombewa msamaha wa mfalme au atanyongwa. Kukiri kosa la kifo ilikuwa ni kujitupa. Sasa fuata miaka: 1808 wizi wa mfukoni unatolewa kwenye makosa ya kifo. 1823 jaji anaruhusiwa kuandika tu hukumu ya kifo bila kuitamka, isipokuwa kwa mauaji na uhaini. 1832 wizi wa farasi, kondoo na ng'ombe unatoka. 1837 yanatoka mengine mengi. Hatari ya kitanzi ikiondoka, mshtakiwa aliyekamatwa na mali mkononi hana sababu ya kupoteza muda wa juri, yaani raia wanaoketi kuamua kama ana hatia. Hapo hakuna mapatano yoyote.

#3 Mzee Hatimkato

Nyote wawili mnasoma kitabu kana kwamba ni mahakama. Maneno mnayohesabu ni ya mchapishaji, siyo yaliyosemwa kizimbani.

Taarifa zile zilianza kama vijitabu vya kuuzwa mtaani. Mwaka 1778 Jiji la London likadai ziwe taarifa za kweli na kamili. Desemba 1790 Jiji hilo hilo likazuia kuchapisha kesi za walioachiwa huru, likihofia wahalifu wanajifunza mbinu za kuponyoka, na zuio likadumu hadi 1792. Asiyejua hilo atachora chati na kutangaza kwamba juri la London liligeuka katili kwa miaka miwili. Kabla ya hapo, kati ya 1699 na 1714, kuna mapengo ya matoleo yaliyopotea.

Kufika miaka ya 1830 msomaji mkuu si mtu wa mtaani tena, ni wanasheria na maofisa. Msomaji wa aina hiyo anataka kesi ngumu kwa kirefu na kesi nyepesi kwa mstari mmoja. Mpasuko wenu unaweza kutokea kwenye meza ya mhariri bila kitu kubadilika mahakamani.

#4 Binti Takwimu

Mzee Hatimkato shikamoo. Naongeza la kiufundi linalohusu tarehe ile ile, maana sijaona mtu akiligusa.

Maandishi hadi Oktoba 1834 yaliingizwa na wachapaji wawili, kila mmoja peke yake, kisha kompyuta ikalinganisha nakala mbili na mtu akaamua kila palipotofautiana. Kuanzia Novemba 1834 nakala moja ilichapwa na mtu na ya pili ilitoka kwenye programu ya kusoma picha za maandishi, halafu zikalinganishwa. Kwa hiyo utaratibu wa kutengeneza data umebadilika katikati ya kipindi mnachokibishania. Mwaka huo huo wa 1834 mahakama yenyewe ikawa Mahakama Kuu ya Jinai, ikaongezewa sehemu za kaunti jirani za Essex, Kent na Surrey juu ya London na Middlesex, na vikao vikatoka vinane hadi kumi na viwili kwa mwaka. Mambo matatu ndani ya mwaka mmoja. Chati yoyote inayopita 1834 bila mstari wa wima pale, mimi siiamini.

#5 Mpekuzi wa Majalada

Binti Takwimu, kuhusu eneo na vikao nakubali. Kuhusu uchapaji hapana. Usahihi wa maandishi uko juu ya asilimia 99 pande zote mbili za tarehe. Herufi ikikosewa neno linabaki kuwa neno moja kwenye hesabu. Kesi ya maneno 800 haigeuki ya maneno 20 kwa sababu ya programu.

#6 Kijana wa Uzamili

Samahani wakuu, naingilia. Hizo kesi za kukiri mnazihesabu vipi? Nimejaribu kutafuta neno kwa neno nikapata idadi isiyoeleweka.

#7 Binti Takwimu

Usitafute neno, tumia lebo. Hatua ni hizi.

Pakua faili za XML, yaani maandishi yaliyowekewa lebo, zile za kikao kimoja kwa faili moja. Kila kesi ina namba yake: herufi t, tarehe ya kikao kwa mwaka, mwezi na siku, kistari, halafu namba ya kesi. Ukiona t17800628 ujue ni kikao kilichofunguliwa 28 Juni 1780, ambamo wamo waliokamatwa kwenye ghasia za Gordon, zile za London za kupinga Wakatoliki.

Ndani ya kesi utakuta lebo za jina la mshtakiwa, kosa, uamuzi na adhabu. Makosa yamegawanywa makundi 9. Uamuzi una kundi kubwa, halafu kundi dogo, na kundi dogo unalolitaka limeandikwa pleadedGuilty. Hilo ndilo la kuhesabu.

Wengi wanaharibu hapa: kesi moja inaweza kuwa na washtakiwa watatu, mmoja amekiri, mmoja ametiwa hatiani, mmoja ameachiwa. Ukihesabu kesi, umepoteza wawili. Ukihesabu lebo za uamuzi bila kuangalia ni za nani, unaweza kumhesabu mtu mara mbili, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na mashtaka mawili. Kuna lebo ya kuunganisha iitwayo join, inayofunga mshtakiwa, kosa na uamuzi pamoja. Jenga jedwali lako kutoka kwenye join: safu moja kwa kila shtaka la kila mshtakiwa. Ukitaka watu, punguza safu kwa namba ya mshtakiwa. Ukitaka urefu wa kesi, urefu ni wa kesi nzima, usiugawe kwa washtakiwa.

Mwisho, andika umepakua toleo gani na lini. Data hii imesahihishwa mara kadhaa tangu 2003, na hesabu zako hazitalingana na za mwenzako kama matoleo ni tofauti.

#8 Kijana wa Uzamili

Asante sana dada, imeeleweka.

#9 Msoma Sheria Ndogo

Narudi kwa Wakili Kigogo #2. Maelezo yako ya kitanzi ni mazuri hadi 1837. Baada ya hapo yana kazi.

Sheria ya 1847 iliwapeleka watoto wa chini ya miaka 14 walioiba wizi wa kawaida kwa mahakimu wa chini, na 1850 umri ukapandishwa hadi 16. Sheria ya 1855 ikaongeza: wizi usiozidi shilingi 5 hakimu aliweza kuumaliza mwenyewe mshtakiwa akiridhia, na uliozidi hapo aliweza kuumaliza kama mshtakiwa amekiri. Yaani tangu 1855 watu wepesi kukiri walikuwa na mlango wa kutokea kabla ya kufika Old Bailey. Kukiri kulitakiwa kushuke pale. Lakini ukifungua toleo la miaka ya 1860 kesi za kukiri bado zimejaa ukurasa baada ya ukurasa. Kitanzi hakielezi hilo, kwa sababu kufikia 1861 makosa ya kifo kwa vitendo yamebaki manne.

#10 Wakili Kigogo

Zinaelezeka. Waliobaki Old Bailey baada ya 1855 ni wenye makosa makubwa au wenye hatia za nyuma. Mwenye rekodi ndefu anajua jaji ataisoma rekodi hiyo. Anakiri ili apunguziwe.

#11 Mpekuzi wa Majalada

Mkuu, "anakiri ili apunguziwe" ndiyo makubaliano yenyewe niliyosema #1. Karibu upande wangu.

#12 Wakili Kigogo

Sijahama. Matumaini ya mshtakiwa ni kitu kimoja, ahadi ya mwendesha mashtaka ni kingine. Nionyeshe shtaka kubwa lililofutwa na dogo likakiriwa siku hiyo hiyo na mtu huyo huyo, tena mara nyingi, ndipo nitahama.

#13 Mzee Hatimkato

Hapo Wakili ameweka kipimo kizuri. Na kinapimika: chukua mashtaka ya wizi wa kuvunja nyumba, angalia wangapi wamekiri wizi wa kawaida tu.

Wakati mnatafuta hilo, tazameni karne ya 18 ilivyokuwa inafanya bila kukiri kokote. Juri ndilo lililopunguza. Kuiba dukani mali ya shilingi 5 kulikuwa kosa la kifo tangu 1699. Kuiba ndani ya nyumba mali ya shilingi 40, kifo tangu 1713. Wizi wa kawaida uliozidi peni 12 ulikuwa wizi mkubwa. Basi chora histogramu ya thamani ambazo juri limetaja kwenye uamuzi. Utaona vilele vitatu vimesimama: peni 10, shilingi 4 na peni 10, shilingi 39. Hati ya mashtaka inasema saa ya dhahabu, vijiko vya fedha, pauni kadhaa, na juri linarudi na "ana hatia, thamani shilingi 39". Kila aliyekuwemo chumbani alijua maana yake: huyu hanyongwi.

Kwa hiyo ukiweka thamani ya uamuzi kama bei ya mali kwenye utafiti wa uchumi, umeharibu kazi yako yote. Bei itafute kwenye hati ya mashtaka, na hata hiyo ni makadirio ya aliyeibiwa.

#14 Nakala Halisi

Tukiwa kwenye mitego, usisahaulike mtego wa "death recorded". Ni ile ruhusa ya 1823 aliyoitaja Wakili: jaji anaandika hukumu ya kifo kwenye kumbukumbu bila kuitamka, na maana yake mtu hatanyongwa. Mwaka 2019 mwandishi mmoja maarufu wa Marekani aliisoma kama amenyongwa, akajenga hoja juu yake, akasahihishwa moja kwa moja hewani kwenye redio ya BBC. Mojawapo ya kesi alizotumia ilikuwa ya Thomas Silver, kijana wa miaka 14, ya mwaka 1859. Hakunyongwa.

Kwenye lebo hukumu hiyo inakaa ndani ya kundi la adhabu ya kifo. Mashine inakupa kundi. Kama huujui utaratibu wa mahakama, utatangaza walionyongwa ambao hawakunyongwa. Hukumu ni jambo moja, utekelezaji ni jingine, na taarifa za Old Bailey zinaishia kwenye hukumu.

#15 Kijana wa Uzamili

Ndiyo maana nataka kuuliza hili, ingawa natoka kidogo nje ya mada. Mtu anajengaje kazi ya chuo kwenye jinai, adhabu na kompyuta kwa pamoja? Idara ya historia inaniambia nichague, ya kompyuta nayo inaniambia hivyo hivyo.

#16 Mpekuzi wa Majalada

Uliza, uzi ni wetu sote. Angalia walioanzisha hili walitokea wapi. Hitchcock alifanya udaktari juu ya nyumba za kazi za maskini wa Uingereza. Robert Shoemaker alianza na mashtaka madogo ya London na Middlesex, makosa ambayo hayafiki hata Old Bailey. Clive Emsley, aliyefariki 2020, alikuwa mtu wa historia ya polisi, akaingia walipofika karne ya 19. Kesi za kwanza zikawekwa mtandaoni 2003, mradi ukakamilika 2008. Hakuna aliyeanza na kompyuta. Wote walianza na swali kuhusu watu wa chini na nyaraka ambazo hazitafutiki.

Ushauri wangu: udaktari wako uwe na hoja ya historia inayosimama hata umeme ukikatika, na data iwe njia ya kuithibitisha.

#17 Binti Takwimu

Naongezea upande usiotajwa. Miradi hii ina watu ambao si maprofesa na bila wao hakuna kitu. Sharon Howard alisomea jinai za Wales, mahakama za Denbighshire, kisha akawa msimamizi wa miradi na data ya aina hii kule Sheffield. Kazi ya kuamua lebo, kusahihisha majina na kuandika maelezo ya data ni usomi kamili. Shida ni kwamba kamati za kupandisha vyeo nyingi bado zinahesabu vitabu na makala. Kwa hiyo kila seti ya data unayotengeneza, iandikie maelezo yenye jina lako, iweke kwenye hazina inayotoa kitambulisho cha kudumu, na andika makala fupi inayoieleza. La sivyo wengine wataitumia na wewe hutaonekana popote.

Na usisubiri kujua programu zote. Anza na Voyant ya Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell, programu ya kuchambua maandishi, inafunguka kwenye kivinjari tu. Kisha lugha ya kuandikia programu, R au Python, moja, siyo zote mbili.

#18 Nakala Halisi

Kijana, ukimaliza hapo tazama tovuti ya Digital Panopticon, ilizinduliwa 2017. Inashika pale Old Bailey inapoishia: wafungwa kama 90,000, kati ya 1780 na 1925, wameunganishwa kwenye seti za data zipatazo 50. Mtu anahukumiwa London, anaonekana kwenye meli ya kupeleka wafungwa Australia, anaonekana Tasmania kwenye daftari la mwenendo lenye kimo chake na chale za mwilini.

Ugumu wote uko kwenye kuunganisha. Soundex, kanuni ya kugeuza jina kuwa msimbo kwa jinsi linavyosikika, inabakiza herufi ya kwanza na kugeuza zinazofuata kuwa tarakimu tatu, irabu zinatupwa. Smith na Smyth wote wanakuwa S530, safi. Lakini Catherine ni C365 na Katherine ni K365, basi mwanamke mmoja amekuwa wawili. Mwanamke akiolewa ndiyo kabisa. Umri nao unakimbilia 20, 30, 40, kwa hiyo ruhusu tofauti ya miaka miwili mitatu. Ukilegeza masharti unaunganisha akina John Smith ambao hawakuwahi kuonana. Ukikaza unapoteza waliokuwa wanabadili majina, na hao ndio wahalifu wazoefu uliokuwa unawatafuta.

#19 Forodhani

Habari za London tamu, sasa tuilete pwani. Hiyo Soundex kwa majina yetu ni hasara. Karani mmoja kaandika Khamis, mwenzake Hamisi: K520 na H520. Mtu mmoja, mafaili mawili. Na "bin" au "binti" likiingia katikati, programu inalichukua kama jina la ukoo, halafu nusu ya Unguja inakuwa ukoo mmoja.

Kwenye mashauri ya Kenya ya ukoloni makarani wa Kiingereza waliandika "s/o" (mtoto wa kiume wa) katikati ya jina la mtu na la baba yake; d/o ni binti wa, w/o ni mke wa. Kabla ya kuunganisha chochote, toa bin, binti, wa, s/o, d/o na w/o, jina la baba au mume liweke safu yake, na tumia umbali wa Levenshtein, yaani idadi ya herufi za kubadili ili jina moja liwe jingine, kwa kila safu peke yake. Kh na H ziwe sawa tangu mwanzo. R na L pia, kwa majina ya bara.

#20 Msoma Sheria Ndogo

Forodhani umegusa pazito. David Anderson alipofuatilia mashauri ya wakati wa Mau Mau alifikia watu 1,090 walionyongwa Kenya. Kisha 2011 serikali ya Uingereza ikakiri ina mafaili kama 8,800 kutoka makoloni 37 yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali hiyo, na 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Majina yale yanastahili kuunganishwa kwa uangalifu ule ule wanaopewa wafungwa wa London. Hadi leo wapo wazee wanaouliza ndugu yao alizikwa wapi.

#21 Binti Takwimu

Kabisa. Na mwenye nyaraka za mkono, iwe za Kilatini au Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, asitumie programu ya kawaida ya kusoma chapa. Kuna Transkribus, programu ya kusoma maandishi ya mkono: unaifundisha mwandiko husika kwa kurasa ulizonakili mwenyewe, maneno 5,000 hadi 15,000 kwa kuanzia. Kiwango cha herufi zilizokosewa kikiwa chini ya asilimia 10 unaweza kutafuta. Kwa kunukuu, rudi kwenye picha kila mara.

#22 Mzee Hatimkato

Mmezunguka hadi Unguja, narudi #1. Hoja yangu ya mchapishaji bado haijajibiwa. Kwa yeyote anayetaka kuipima: rejista za jinai ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, HO 26 kwa Middlesex 1791 hadi 1849, na HO 27 kwa Uingereza na Wales 1805 hadi 1892. Hizo ni kazi ya makarani wa serikali, hazina mhariri wa kuuza nakala. Linganisha kikao kwa kikao.

#23 Mpekuzi wa Majalada

Rejista zitatuambia kama kuna watu walioachwa kwenye chapa. Urefu wa kesi hazitatuambia.

#24 Mzee Hatimkato

Urefu utautoa kwenye magazeti. Chagua vikao, tafuta kesi zilizochapwa kwa mstari mmoja uone kama gazeti limeeleza mashahidi. Ila jihadhari na maandishi ya mashine kwenye magazeti ya kabla ya 1800, ile s ndefu inasomwa f na hutapata neno unalolitafuta.

#25 Wakili Kigogo

Na mkifanya hivyo ongezeni jambo moja: sheria ya 1836 iliyomruhusu wakili wa utetezi kuhutubia juri. Kesi zenye wakili zilirefuka kwa sababu hiyo peke yake. Upande mrefu wa kichuguu unaweza kuwa na sababu yake, na upande mfupi sababu nyingine kabisa.

#26 Binti Takwimu

Basi chora pande mbili tofauti, kwa mizani ya logi ili fupi na ndefu zote zionekane, 1820 hadi 1850, kikao kwa kikao, na walioandikwa wamekiri waondoe kwanza. Ukiwaondoa na mpasuko ukabaki kwenye kesi zilizosikilizwa, Mzee Hatimkato ana la kudai. Ukitoweka, tunabaki na Wakili na Mpekuzi. Jedwali la join ninalo, nani anachukua miaka ya 1820?

#27 Kijana wa Uzamili

Nachukua 1820 hadi 1834, vikao vyote vya kila mwaka.